Wamormoni: Walianza watu sita, wakafukuzwa, wakajenga mji jangwani

JIONI ya Juni 27, mwaka 1844, kundi la wanaume wenye silaha, waliojipaka weusi usoni ili wasitambulike, lilivamia gereza dogo la mawe katika mji wa Carthage, jimbo la Illinois nchini Marekani. Walipanda ngazi mbio hadi ghorofa ya juu na kuanza kufyatua risasi kupitia mlangoni.

Dakika chache baadaye Joseph Smith, mwenye umri wa miaka 38, na kaka yake Hyrum walikuwa maiti. Kwa wafuasi wake Smith alikuwa nabii wa Mungu. Alikuwa pia meya wa mji, kamanda wa jeshi la mgambo na mgombea wa urais wa Marekani katika uchaguzi wa mwaka huo.

Waliomuua waliamini kuwa wamelizika kanisa lake pamoja naye. Haikuwa hivyo. Kanisa hilo, ambalo jina lake rasmi ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, leo lina waumini zaidi ya milioni 17 duniani kwa mujibu wa takwimu zake lenyewe, na wengi wao wanaishi nje ya Marekani.

Katika zama zile Marekani ilizaa manabii wengi, na wengi wao walisahauliwa pamoja na makundi yao. Kwa nini hili halikusahauliwa? Na kwa nini nchi iliyojivunia uhuru wa dini katika Katiba yake iliwatimua raia wake kutoka jimbo moja hadi jingine kwa sababu ya imani?

Majibu ya maswali hayo mawili yanakutana mahali pamoja, yaani katika umoja wa Wamormoni. Umoja huo ndio uliowaokoa, na ndio huohuo uliowatia hofu majirani zao.

Kijana wa shamba

Joseph Smith alizaliwa Desemba 23, mwaka 1805, katika kijiji cha Sharon, jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Wazazi wake, Joseph na Lucy, walikuwa wakulima wa kipato kidogo waliohama mara kwa mara kutafuta ardhi na nafuu ya maisha.

Mwaka 1816 hali ya hewa iliharibika katika eneo lile. Barafu ilianguka katikati ya majira ya joto na mazao yakafa mashambani. Wataalamu wa siku hizi wanaeleza kuwa chanzo kilikuwa mlipuko wa volkano ya Tambora nchini Indonesia mwaka mmoja kabla, ambao vumbi lake lilizuia miale ya jua sehemu kubwa ya dunia.

Familia ya Smith, kama familia nyingi za Vermont, ilifungasha mizigo. Ilihamia Palmyra, magharibi mwa jimbo la New York, eneo lililokuwa likipanuka haraka kutokana na ujenzi wa mfereji wa Erie, uliokamilika mwaka 1825.

Eneo hilo lilikuwa limejaa wahubiri. Wamethodisti, Wabaptisti na Wapresbiteri walifanya mikutano mikubwa ya uamsho na kugombea waumini. Mikutano ilikuwa mingi kiasi kwamba baadaye wilaya zile zilifananishwa na msitu uliokwisha kuungua, usiobakiwa na kuni za kuwasha moto mwingine.

Si Wamormoni peke yao waliochipuka katika mazingira hayo. Katika jimbo hilohilo la New York, mkulima William Miller alitangaza kuwa Kristo angerudi mnamo mwaka 1844. Siku ilipopita bila tukio, sehemu ya wafuasi wake iliendelea hadi kuunda Kanisa la Waadventista Wasabato, linalofahamika vyema Afrika Mashariki.

Kwa maelezo yake mwenyewe, Smith alitatizwa na makanisa yaliyopingana huku yote yakisoma Biblia moja. Alisimulia kuwa mwaka 1820, akiwa kijana wa miaka 14, aliingia msituni kusali, akatokewa na Mungu Baba na Yesu Kristo, na kuagizwa asijiunge na kanisa lolote kati ya yaliyokuwepo.

Maelezo ya kwanza ya tukio hilo yaliyoandikwa yalianzia mwaka 1832, na yapo matoleo kadhaa yanayotofautiana katika baadhi ya mambo. Waumini huyachukulia kama pande tofauti za ushuhuda mmoja, ilhali wakosoaji huona simulizi iliyokua kadiri miaka ilivyopita.

Mabamba ya dhahabu

Smith alisema pia kuwa usiku wa Septemba 21, mwaka 1823, malaika aitwaye Moroni alimtokea chumbani na kumweleza habari za kitabu kilichoandikwa juu ya mabamba ya dhahabu, kilichozikwa katika kilima kilicho karibu na nyumbani kwao. Aliruhusiwa kuyachukua miaka minne baadaye, Septemba 1827.

Katika miaka hiyo ya kati Smith alijulikana zaidi kwa kazi nyingine. Baadhi ya wakulima walimwajiri kutafuta hazina zilizodhaniwa kuzikwa ardhini, akitumia jiwe aliloamini kuwa linamwonyesha yasiyoonekana. Mwaka 1826 alifikishwa mbele ya hakimu kutokana na shughuli hizo.

Kazi hiyo pia ilimkutanisha na Emma Hale, binti wa mkulima wa Harmony, jimbo la Pennsylvania. Baba wa binti alikataa posa. Januari 1827 vijana hao wakatoroka na kwenda kufunga ndoa.

Kuandikwa kwa kitabu kulifanyika kwa imla. Smith, ambaye hakuwa na elimu kubwa ya shule, alitamka maneno na karani akaandika. Mara nyingi aliweka jiwe lake ndani ya kofia, akainamisha uso humo na kusoma alichosema kuwa anakiona. Kanisa lenyewe lilichapisha picha za jiwe hilo mwaka 2015.

Emma alikuwa miongoni mwa makarani wa kwanza. Mwingine alikuwa Martin Harris, mkulima mwenye mali wa Palmyra, aliyeomba kuzichukua kurasa 116 za mwanzo ili amwonyeshe mkewe aliyekuwa na mashaka. Kurasa hizo zilipotea mwaka 1828 na hazijaonekana tena.

Kazi ilipata kasi Aprili 1829 alipofika mwalimu wa shule, Oliver Cowdery. Katika muda wa takriban miezi mitatu walikamilisha muswada wa kitabu kilichochapwa kikiwa na kurasa karibu 600.

Harris aliweka shamba lake rehani ili kulipa dola 3,000 za uchapaji wa nakala 5,000. Kitabu cha Mormoni kilianza kuuzwa Palmyra mwishoni mwa Machi 1830, na hatimaye sehemu ya shamba hilo iliuzwa kulipia deni.

Kitabu hicho kinasimulia habari za familia iliyotoka Yerusalemu miaka ipatayo 600 kabla ya Kristo, ikavuka bahari hadi Amerika na kugawanyika katika mataifa mawili yaliyopigana kwa karne nyingi. Kinaeleza pia kuwa Yesu, baada ya kufufuka, aliwatembelea watu hao. Mormoni ni jina la nabii anayetajwa kuwa ndiye aliyezifupisha kumbukumbu hizo, na jina la utani la waumini lilitokana naye.

Watu 11 walitia saini ushuhuda kuwa wameyaona mabamba hayo. Smith alisema baadaye aliyarejesha kwa malaika. Kwa upande wao, wanaakiolojia walio nje ya kanisa hawajaona ushahidi wa mataifa hayo, na utafiti wa vinasaba unaonyesha kuwa wenyeji wa Amerika wana asili ya Asia.

Kanisa lazaliwa

Aprili 6, mwaka 1830, watu kadhaa walikusanyika katika nyumba ya familia ya Whitmer huko Fayette, New York. Sita kati yao waliandikishwa kuwa wanachama waanzilishi ili kutimiza matakwa ya sheria.

Kundi lile lilitofautiana na vikundi vingine vya uamsho kwa mambo matatu. Lilikuwa na andiko jipya ambalo mtu angeweza kulishika mkononi na kulisoma. Lilikuwa na nabii aliye hai, aliyetoa maagizo mapya kila lilipozuka tatizo. Tena halikuwa na tabaka la makasisi wanaolipwa, kwani seremala au mkulima aliweza kupewa ukuhani leo na kutumwa kuhubiri kesho.

Mwishoni mwa mwaka huo wamisionari waliotumwa kwa Wahindi Wekundu wa magharibi walipita Kirtland, jimbo la Ohio. Walimbatiza mhubiri maarufu, Sidney Rigdon, pamoja na wafuasi wake wengi, na katika wiki chache waumini wa Ohio wakawazidi wa New York.

Mwanzoni mwa mwaka 1831 Smith alihamia huko na kuwataka wafuasi wote wamfuate. Hapo ndipo ilipoanza sera iliyoamua hatima ya kanisa, nayo ni kukusanyika. Mtu aliyebatizwa hakubaki kijijini kwake bali aliuza alichokuwa nacho, akahama na kuishi pamoja na wenzake.

Chuki nayo ilianza mapema. Machi 1832 genge la watu lilimtoa Smith kitandani usiku, likampiga, likampaka lami mwilini na kumbandika manyoya ya ndege. Asubuhi yake alisimama na kuhubiri.

Mwaka 1836 waumini walizindua hekalu lao la kwanza mjini Kirtland. Lakini mwaka uliofuata taasisi ya fedha iliyoanzishwa na viongozi bila leseni ya benki ilianguka katika msukosuko wa uchumi ulioikumba Marekani nzima. Waumini wengi walipoteza akiba zao, baadhi ya viongozi wakaasi, na Januari 1838 Smith alikimbia Ohio usiku.

Amri ya gavana

Alikimbilia Missouri, lililokuwa jimbo la mpakani magharibi mwa Marekani. Tangu mwaka 1831 alikuwa ametangaza kuwa Sayuni, mji mtakatifu wa siku za mwisho, ungejengwa Independence, katika Kaunti ya Jackson ya jimbo hilo.

Wenyeji wa Jackson hawakufurahia. Wengi walitoka majimbo ya kusini na waliunga mkono utumwa, ilhali wageni walitoka kaskazini. Wageni hao walinunua ardhi kwa pamoja, walifanya biashara wao kwa wao, walipiga kura kwa kauli moja na kusema waziwazi kwamba Mungu amewapa nchi ile.

Gazeti la Wamormoni lilipochapisha makala kuhusu watu weusi walio huru kuingia Missouri, hasira zililipuka. Julai 1833 umati ulibomoa kiwanda cha uchapaji, na kabla ya mwaka kwisha waumini wote walikuwa wamefukuzwa kwenye kaunti hiyo.

Walihamia kaunti za kaskazini, nako hali ikawa ileile. Agosti 1838 wenyeji walijaribu kuwazuia kupiga kura katika mji wa Gallatin, ngumi zikapigwa, na kabla ya miezi mitatu mapambano ya silaha yalikuwa yameenea.

Hakuna upande uliotoka na mikono safi. Rigdon alikuwa ametoa hotuba ya kutishia kuwaangamiza watakaowavamia. Baadhi ya Wamormoni waliunda kikundi cha siri cha kuwatisha waasi na maadui, na wapiganaji wao walichoma nyumba na maduka huko Gallatin.

Lakini nguvu ya dola ilikuwa upande mmoja. Oktoba 27, mwaka 1838, Gavana Lilburn Boggs alitoa amri kwamba Wamormoni wachukuliwe kuwa maadui, waangamizwe au waondolewe kabisa katika jimbo. Siku tatu baadaye wanamgambo walikishambulia kijiji cha Haun's Mill na kuua watu 17, wakiwemo watoto.

Smith alikamatwa, na jenerali wa jeshi la jimbo akaagiza apigwe risasi hadharani. Ofisa aliyepewa kazi hiyo, Alexander Doniphan, wakili kwa taaluma, alikataa katakata, akisema kuwa huo ungekuwa mauaji na kwamba angemfikisha mkubwa wake mahakamani. Smith akapelekwa gerezani badala ya kuuawa.

Maelfu ya waumini walivuka Mto Mississippi kuingia Illinois katika majira ya baridi. Ilichukua miaka 138 hadi amri ile ifutwe rasmi na Gavana Christopher Bond, mwaka 1976.

Nauvoo na gazeti la toleo moja

Wakazi wa Quincy, mji wa Illinois ulio ukingoni mwa mto huo, waliwapokea wakimbizi kwa ukarimu. Mwaka 1839 Smith, baada ya kutoroka mikononi mwa walinzi, alinunua ardhi yenye kinamasi kando ya mto huo na kuiita Nauvoo. Malaria iliua watu wengi kabla kinamasi hakijakaushwa kwa mifereji.

Katikati ya maradhi na umaskini huo viongozi walifanya uamuzi wa ajabu. Mitume, akiwemo seremala Brigham Young, waliacha familia zao na kwenda kuhubiri Uingereza. Young aliondoka akiwa mgonjwa wa malaria, mkewe akiwa amejifungua siku chache kabla.

Uamuzi huo ulizaa matunda. Katika miji ya viwanda ya Uingereza, ambako wafanyakazi waliishi kwa dhiki, ujumbe wa Sayuni inayojengwa ng'ambo ya bahari ulipata masikio. Kufikia mwaka 1851 waumini wa Uingereza walizidi 30,000, wengi kuliko waliokuwa Marekani magharibi wakati huo.

Maelfu yao walivuka bahari. Nauvoo ikakua hadi watu wapatao 12,000, ikikaribiana na Chicago ya wakati ule. Jimbo liliipa hati ya mji yenye mamlaka makubwa, ikiwa na mahakama na jeshi lake la mgambo.

Majirani walianza kuona yale waliyoyaona wenyeji wa Missouri, yaani kura zinazohama zote kwa pamoja na mtu mmoja aliyeshika madhabahu, mahakama na bunduki. Isitoshe, minong'ono ilienea kuhusu ndoa za siri.

Minong'ono hiyo ilikuwa na ukweli. Smith alikuwa amewafundisha watu wake wa karibu kwamba Mungu ameruhusu mitala kama enzi za Ibrahimu. Kanisa lilikiri katika maelezo yaliyotolewa mwaka 2014 kuwa huenda aliunganishwa na wanawake kati ya 30 na 40, baadhi yao wakiwa wake za watu wengine. Emma aliipinga mitala hiyo.

Juni 7, mwaka 1844, waumini waliotofautiana naye walitoa gazeti liitwalo Nauvoo Expositor. Lilifichua habari za mitala na kulaani mamlaka ya dini na serikali kuwekwa katika mkono mmoja. Siku tatu baadaye, kwa amri ya baraza la mji na Smith akiwa meya, mashine ya gazeti ilivunjwa barabarani. Halikutoka toleo la pili.

Watu ambao mashine yao ilivunjwa Missouri walikuwa sasa wamevunja ya wenzao. Illinois ilichemka. Smith alijisalimisha Carthage kwa ahadi ya Gavana Thomas Ford kwamba angelindwa, na huko ndiko alikouawa. Watu watano walishitakiwa kwa mauaji hayo, na mwaka 1845 wote waliachiwa huru.

Nani amrithi nabii?

Smith hakuacha utaratibu ulio wazi wa urithi. Rigdon alidai uangalizi wa kanisa. Mhubiri James Strang alionyesha barua aliyosema imemteua. Wengine walimtazama mwana wa nabii, aliyekuwa bado mtoto.

Agosti 8, mwaka 1844, mkutano mkubwa wa Nauvoo ulikubali uongozi wa Akidi ya Mitume Kumi na Wawili, chombo kilichoundwa mwaka 1835, chini ya Brigham Young. Mitume hao ndio waliowabatiza Waingereza wengi na kusimamia uhamiaji wao, hivyo walijulikana na kuaminiwa.

Hapa ndipo kanisa lilipoachana na hatima ya makundi mengine ya zama zile. Nabii alipokufa, taasisi ilikuwa imesimama.

Si wote waliofuata. Emma alibaki Nauvoo hadi kifo chake. Mwaka 1860 mwanawe, Joseph Smith wa Tatu, alichukua uongozi wa kanisa jingine lililokataa mitala, ambalo tangu mwaka 2001 linaitwa Jumuiya ya Kristo.

Safari ya magharibi

Februari 1846 misafara ya kwanza iliondoka Nauvoo. Maelfu walikwama katika kambi za muda kando ya Mto Missouri, ambako baridi, njaa na maradhi viliua mamia.

Aprili 1847 Young aliongoza msafara wa mbele wenye wanaume 143, wanawake watatu na watoto wawili. Miongoni mwa wanaume hao walikuwamo watumwa watatu weusi, mmoja wao akiitwa Green Flake, waliopelekwa na mabwana zao.

Julai 24 Young aliingia katika Bonde la Salt Lake, nchi ya nusu jangwa ambayo wakati huo ilikuwa mali ya Mexico. Wenzake waliotangulia walikuwa tayari wamezuia maji ya kijito na kuyaelekeza kwenye ardhi kavu ili iweze kulimika.

Maji hayakuwa mali ya mtu binafsi. Mifereji ilichimbwa kwa kazi ya pamoja, zamu za umwagiliaji zikapangwa na viongozi wa kanisa, na familia zikagawiwa viwanja katika mji uliopimwa kwa mitaa mipana iliyonyooka. Nidhamu iliyowachukiza majirani wa Missouri ilikuwa jangwani ndiyo sababu ya kupona. Hata hivyo bonde hilo lilikuwa na wenyeji, wakiwemo Waute na Washoshone, ambao walipoteza ardhi na maji kadiri wahamiaji walivyoongezeka.

Mwaka 1849 kanisa lilianzisha mfuko wa kuwakopesha nauli waumini maskini wa Ulaya. Fedha zilipopungua, mwaka 1856 wengine walitakiwa kutembea zaidi ya kilomita 1,500 wakisukuma mikokoteni ya mikono. Misafara miwili iliyochelewa kuondoka ilinaswa na theluji, na zaidi ya watu 200 walikufa njiani.

Hadi reli ilipokamilika mwaka 1869, inakadiriwa watu 70,000 walikuwa wamefika Utah kwa magari ya kukokotwa na wanyama, kwa mikokoteni au kwa miguu.

Damu na maridhiano

Mwaka 1852 viongozi walitangaza hadharani kuwa mitala ni sehemu ya imani yao. Miaka mitano baadaye Rais James Buchanan alituma jeshi kumwondoa Young katika ugavana wa Utah, na hofu ya kuangamizwa ikarudi.

Katika hofu hiyo, Septemba 11, mwaka 1857, wanamgambo wa Kimormoni kusini mwa Utah waliwaua watu wapatao 120, wanaume, wanawake na watoto, waliokuwa safarini kutoka Arkansas kuelekea California. Waliwaahidi usalama iwapo wangeweka silaha chini, kisha wakawageuka. Waliachwa hai watoto wadogo 17 tu. Kwa kosa hilo la Mountain Meadows aliuawa kisheria mtu mmoja, John D. Lee, aliyepigwa risasi mwaka 1877.

Vita kamili na serikali havikutokea, lakini shinikizo liliendelea. Sheria za mwaka 1882 na 1887 ziliwafunga wenye mitala na kutaifisha mali za kanisa. Mwaka 1890 Rais wa Kanisa, Wilford Woodruff, alitangaza kusitisha ndoa hizo, na mwaka 1896 Utah ikawa jimbo kamili la Marekani. Siku hizi kanisa hilo humtenga muumini anayeoa wake wengi, na vikundi vinavyoendeleza mitala haviko chini yake.

Mlango mmoja ulibaki umefungwa kwa muda mrefu zaidi. Elijah Abel, mwanamume mweusi, alipewa ukuhani mwaka 1836 enzi za Smith. Lakini mwaka 1852 Young alitangaza kuwa watu wenye asili ya Afrika hawastahili ukuhani. Zuio hilo liliondolewa Juni 1978, na mwaka 2013 kanisa lilizikana nadharia zilizotumika kulihalalisha.

Ndiyo maana historia ya Wamormoni katika sehemu kubwa ya Afrika ni fupi. Kenya na Tanzania waliingia rasmi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kitabu cha Mormoni kimetafsiriwa kwa Kiswahili, hekalu la Kinshasa lilizinduliwa mwaka 2019 na la Nairobi mwaka 2025. Tangu mwaka 2018 viongozi wa kanisa wamekuwa wakiomba jina kamili litumike badala ya lile la utani.

Iwapo mabamba ya dhahabu yalikuwepo au la, hilo ni suala ambalo muumini na asiyeamini hawatakubaliana. Historia yenyewe, hata hivyo, haihitaji imani ili isomwe. Gavana wa Missouri alidhani amri ingemaliza kazi, na genge la Carthage likadhani risasi zingetosha. Kila pigo liliwasogeza waumini karibu zaidi na kuwapeleka mbali zaidi.

Nao Wamormoni walipopata nguvu, Nauvoo na kisha Mountain Meadows, wenye maoni tofauti na wapita njia waliipata adha ileile waliyokuwa wameikimbia wao. Pale Carthage gereza la mawe lingali limesimama. Kanisa lililinunua mwaka 1903, na wageni huoneshwa mlango wa chumba cha juu wenye tundu la risasi.